Kusawazisha Kapata

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Kisimba alikuwa ameinama juu ya meza kubwa ya sebuleni, shavu lake karibu kabisa na vipande vya frigoliti, akitazama kwa jicho moja kama vimelala sawa. Frigoliti ni lile povu jeupe, gumu kidogo, ambalo mashine hufungiwa nalo ndani ya masanduku ili zisivunjike njiani. Jirani yake Muamba alikuwa mtunza magazini, yaani ghala, ya kampani ya machimbo, na kila sanduku lilipofunguliwa aliomba povu lake na kulileta Kapata juu ya baiskeli, mzigo mkubwa kuliko yeye mwenyewe na mwepesi kuliko kofia yake. Watu walimcheka njia nzima. Yeye aliwapungia mkono.

Juu ya frigoliti hizo wanaume hao wawili walikuwa wanajenga reli ndogo. Kasaji ilikuwa upande wa machweo, karibu na dirisha. Kolwezi ilikaa katikati, na pembeni yake cité ya Kapata, mistari ya nyumba za kampani zote za namna moja. Kisha Tenke, kisha njia iliyopinda kwenda kaskazini mpaka meza ilipogota ukutani. Nyumba walizichonga kwa mbao za masanduku yale yale, na Kapata waliichonga nyumba kwa nyumba, hata choo cha nyuma hawakukisahau. Treni haikuwa na mota, waliisukuma kwa kidole.

Kazi kubwa haikuwa treni. Kazi ilikuwa ardhi. Vipande viwili vya frigoliti havilingani hata siku moja. Kimoja ni kinene, kingine kimeliwa na panya, na mahali vinapokutana hubaki pengo ambalo reli haiwezi kulivuka. Muamba alipima kwa pima maji na kukata vibao vyembamba vya kuweka chini. Kisimba alijaza mapengo. Alichanganya unga wa mbao, gundi ya seremala na maji kidogo, akapata mastiki ya kuzibia, nzito kama bukari, ugali wa watoto. Mastiki hunywea ikikauka. Kwa hiyo alikuwa na desturi ya kujaza kupita kiasi, kuvuka ukingo wa pengo na kupaka mpaka kwenye ubao wa jirani, halafu kupiga msasa hadi mkono usijue tena pengo lilikuwa wapi.

“Tata Kisimba, weye unapakaa mastiki sawa mama anapakaa mutoto mafuta,” Muamba alimwambia. “Kila siku iko ya kupita.”

“Ikikosa, itapasuka. Ikipita, msasa iko.”

Adolphine, mke wa Kisimba, aliwaletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye vikombe vya bati, akasimama akiitazama Kapata ndogo na kuuliza kwa nini nyumba yake haina bustani ya lengalenga, ule mchicha wake. Alizaliwa Kolwezi, baba yake aliletwa kutoka Kasai na reli wakati wa Wabelgiji, sawa na baba yake Muamba. Ndiyo maana alimwita Muamba yaya, yaani kaka. Kisimba alikuwa Muluba wa Katanga, wa upande wa Bukama. Kwa miaka yote ya ndoa yao habari hiyo ilikuwa na uzito sawa na kujua nani hapendi pilipili.

Halafu machimbo yakafa. Mishahara ikapotea, umeme ukawa wa kubahatisha, magazini ya Muamba ikabaki na masanduku matupu. Wakubwa walikuwa wamekula kila kitu mpaka mifupa, na walipoona watu wanaanza kuwatazama vibaya, walisema redioni kwamba waliokula ni Wakasai. Wakawaita bilulu, yaani wadudu. Wakasema kila mdudu arudi kwao. Jambo la aibu ni kwamba ilitosha. Watu waliokuwa wanaazimana chumvi walisikiliza redio wakaenda kunoa mapanga.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa tisini na tatu vijana wa chama cha wakubwa hao waliingia Kapata asubuhi. Waliongozwa na Nkulu, shefu aliyesimamia cité, ambaye zamani alikuwa anapiga harmoniamu kanisani. Walikwenda mlango kwa mlango wakiimba. Walipofika kwa Muamba walimkuta baba yake, mzee kipofu, yuko bombani anasukutua mdomo. Wakampiga kwa mnyororo wa baiskeli. Mzee aliuliza ni nani, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, aliuliza tena, na walimpiga mpaka akaacha kuuliza. Maji ya bomba yaliendelea kutiririka, na mwanamke mmoja akaja kuyafunga maana maji ya Kapata hayakuwa ya kupoteza.

Muamba, mke wake na watoto walitolewa nje bila viatu. Mke wake alijaribu kurudi kuchukua cherehani, akakatwa panga begani. Wakasukumwa pamoja na wengine kuelekea stesheni ya Kolwezi, wakangoje treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo Muamba alikuwa hajawahi kuiona.

Kisimba aliona yote dirishani. Mkononi alikuwa na kipande cha msasa. Adolphine alikuwa amelala chini ya meza ya reli, amejifunika gunia, na vijana walipopiga mlango Kisimba alifungua akasema yuko peke yake. Walimjua. Walimsalimia, tata, tata, kama mtu anavyomwita baba, wakapita. Aliona haya kwa ile furaha aliyoisikia walipopita.

Jioni hiyo shemeji mmoja wa Nkulu alihamia nyumbani kwa Muamba pamoja na mke wake na mtoto wao mchanga. Walikula chakula kilichokutwa jikoni. Kulipokucha sakafu ilikuwa imepasuka kutoka mlangoni mpaka chumbani, na ufa ukatoka nje ukavuka lupango, kiwanja cha nyumba, na kukata barabara. Ulikuwa na upana wa kuingiza mguu. Siku iliyofuata uliingiza mbuzi. Chini yake haikuonekana ardhi. Kulisikika watu wanabishana kwa Kiluba cha Kasai juu ya nani amemaliza sabuni, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilipanda saa za kupika.

Nyumba nyingine zilizoporwa zikafuata. Kila mahali familia ilipofukuzwa, pengo likafunguka na kuiinamisha nyumba upande, mpaka sufuria zilikuwa zinateleza mezani. Watu walilalamika kwa Nkulu kama wanavyolalamikia mfereji mchafu. Mtu mmoja alivunjika mguu, mwingine alipoteza baiskeli yake mpya, ambayo kwa kweli ilikuwa ya mwalimu aliyefukuzwa. Nkulu alileta lori la mawe ya machimbo na kuyamwaga ndani. Pengo liliyameza, kisha mtu mle chini akasema kwa sauti ya uchovu, “Mutuache kidogo, batoto banalala.” Lori jingine halikuja.

Siku hizo hizo Kisimba aliona kwamba kwenye meza yake pia, katika Kapata ndogo, frigoliti imepasuka. Ufa ulipita chini ya nyumba ya Muamba na kukata barabara ya mbao. Hakufikiri sana. Mikono ilikuwa na uchungu wa kukosa kazi, na yeye hakupenda kuketi na mawazo yake. Alikoroga mastiki, akajaza, akavuka ukingo, akangoja ikauke, akapiga msasa. Alipotoka nje kumwaga maji alimkuta yule shemeji wa Nkulu anarukaruka katikati ya barabara kupima ugumu wake. Pengo la Muamba lilikuwa limefungwa kabisa. Hata harufu ya vitunguu haikuwapo.

Nkulu alikuja mwenyewe mchana. Alivua kofia, akaketi, akaitazama meza kwa muda mrefu.

“Tata Kisimba, banasema ni weye njo unafunga hii matundu.”

“Nilifunga moja.”

“Utafunga yote. Kutakuja bakubwa kuangalia cité, sitaki baone Kapata imekaa sawa meno ya muzee.” Akamtazama Adolphine, ambaye alikuwa amesimama jikoni na kisu cha kumenyea muhogo. “Huyu mama, mi sina ubaya naye. Lakini batoto ya chama bana moto. Weye ukifunga matundu, mi nitabaambia basimuguse. Ataenda soko, ataenda kanisa, ataenda fasi yote.”

Kisimba alisema hana unga wa mbao wa kutosha. Nkulu alisema hilo lisimsumbue. Kabla ya jioni vijana walimletea milango. Walikuwa wameing'oa kwenye nyumba za waliofukuzwa, wakairundika lupangoni, mingine bado ina funguo. Kisimba aliisaga kwa msumeno na tupa. Kulikuwa na mlango mmoja wa msufi uliokuwa umeingia damu mpaka ndani ya mbao, na unga wake ulikuwa mwekundu kidogo. Mastiki yake ndiyo iliyoshika vizuri kuliko yote, haikunywea, haikupasuka. Aliiweka kando kwa ajili ya mapengo makubwa.

Adolphine aliokoka. Lazima hilo lisemwe. Wanawake wengine wa Kasai walioolewa na wanaume wa Katanga walitolewa nje na waume zao wenyewe, wengine wakiwa na mimba, na mume mmoja wa mstari wa tatu alimfunga mke wake kamba ili vijana wasipate taabu. Kisimba hakufanya hivyo. Kila asubuhi alikoroga mastiki, na kila asubuhi Adolphine alibeba kichwani sufuria ya bukari na sombe ya majani ya muhogo, akapita mbele ya vijana wa chama, wakamwachia njia. Alikwenda stesheni kwa yaya Muamba.

Huko stesheni watu walikuwa wamelala juu ya reli, juu ya jukwaa, ndani ya mabehewa yasiyo na magurudumu. Treni haikuja. Watoto waliharisha na kufa, wakazikwa kando ya njia, na juu ya makaburi hayo familia zilizofika baadaye zilitandika mikeka maana hakukuwa na mahali pengine. Wanajeshi waliuza maji. Adolphine alirudi kila jioni na habari hizo, akazieleza huku ananawa miguu, bila kulia, na Kisimba alizisikiliza akiendelea na msasa.

“Yaya anasema mke yake, bega imeoza,” alisema siku moja. “Anataka kuja kuchukua cherehani. Ku gare, kule stesheni, kuko mutu anaweza kuinunua, alafu bapate dawa. Anauliza kama njia iko.”

“Asikuje.”

“Vile njo nilimwambia. Atakuja.”

Muamba alikuja kesho yake, mchana kweupe, amevaa koti la mwanajeshi alilobadilisha kwa saa yake. Kisimba alimwona dirishani. Aliingia barabara yao kwa hatua ya mtu anayerudi kazini, akapita nyumba ya Kisimba, akafika nyumba ya mjane aliyekuwa jirani yake wa upande wa pili, akasimama. Akarudi. Nyumba yake ilikuwa pale pale. Shemeji wa Nkulu alikuwa amekaa barazani anakata kucha. Lakini Muamba aliipita kana kwamba kati ya ukuta wa Kisimba na ukuta wa mjane hakuna hata nafasi ya kupitisha karatasi. Alipapasa kwa viganja. Aligonga ukuta wa Kisimba, akagonga wa mjane.

“Tata Kisimba,” aliita. “Nyumba yangu bameiweka wapi?”

Kisimba alifungua dirisha. Alimwona rafiki yake amesimama na uso wa mtu aliyesahau neno la kawaida, na hapo akaelewa kazi yake. Pengo lilikuwa nafasi ya Muamba. Aliyejaza ni yeye, na amejaza vizuri.

“Mi sijui,” alisema.

Vijana walimkuta Muamba bado anapapasa. Walimpiga kwa mitutu na kwa mawe, wakamvunja taya, wakamburuta kwa miguu mpaka barabara kubwa. Hakupigana. Macho yake yalikuwa bado yanahesabu nyumba. Kisimba alifunga dirisha. Jioni Adolphine aliporudi na kusema yaya sasa anakunywa uji tu, kwa kitambaa, Kisimba alijibu kwamba ni vibaya sana. Hakumwambia jambo lile lingine. Alijiambia atamwambia mambo yakitulia. Kisha akaenda kusaga mlango.

Baada ya hapo alijaza akijua. Alijaza nafasi ya mwalimu, nafasi ya muuguzi aliyewazalisha wanawake wa mstari mzima, nafasi ya fundi viatu. Wachache waliojaribu kurudi walizungukazunguka barabarani mpaka vijana wakawakuta. Wakati mwingine Kisimba alikitua chini kisu cha mastiki. Alimfikiria Adolphine anavyopita sokoni na kapu lake, mzima, miguu miwili na mikono miwili, akakiokota.

Likabaki pengo moja, refu, la familia tatu zilizokuwa zikikaa nyuma ya Kisimba. Ufa wake ulikuwa umepita mpaka karibu na jiko lake mwenyewe. Nkulu alikuja akasema wakubwa wanafika kesho, kazi iishe leo. Kisimba alikoroga ile mastiki nyekundu aliyoiweka kando. Alikuwa amechoka na alitaka kumaliza. Alijaza pengo, akavuka ukingo, akaona bado kuna kimstari, akavuka zaidi. Kisha, kama anavyofanya fundi yeyote akitaka uso mmoja, alipaka tabaka jembamba juu ya Kapata nzima, toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ili rangi ishike sawasawa. Jua la dirishani lilikuwa kali. Ilikauka upesi.

Adolphine alikuwa stesheni.

Kisimba alikuwa anapiga msasa wa mwisho aliposikia sauti yake nje. Hakupiga kelele. Alikuwa anauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, “Tata Tatiana, uko wapi?” Tatiana alikuwa binti yao, aliyeolewa Kasaji. Kisimba alikwenda mlangoni. Mke wake alikuwa amesimama hatua chache mbele yake, sufuria tupu kichwani, anautazama uso wake lakini hautazami mlango.

“Ingia,” Kisimba alisema.

“Niingie wapi? Mi naona ukuta. Weye nakuona mu ukuta sawa foto.”

“Mulango iko hapa. Mi niko nasimama mu mulango.”

“Weye njo unasema mulango iko.”

Alitua sufuria. Kisimba alitoka, akamshika vidole, akarudi kinyumenyume kuingia ndani. Mwili wake ulipita, bega likapita, mkono wake ukapita mpaka kwenye vidole vya mke wake, na hapo vidole vya mke wake vikakuta matofali. Alivuta. Alivuta kama mtu anayetoa ndoo kisimani, kwa nguvu zake zote, na vidole viwili vya Adolphine vikavunjika, na ngozi ya mkono ikabaki ukutani. Kwa ndani hakukuwa na alama yoyote. Adolphine aliurudisha mkono wake kifuani akaushika kwa ule mwingine.

Aliutazama ukuta toka juu mpaka chini. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na alikuwa amemwuguza Muamba na kusikia maneno yake yote, hata yale yaliyotoka kwenye taya lililovunjika.

“Njo vile ulifanyia yaya,” alisema.

Kisimba alifuta mastiki kwenye vidole vyake.

“Ulijua?”

“Kisha ile siku alikuja, nilijua. Niliendelea juu yako, Mama Tatiana. Ili bakuache.”

“Juu yangu,” Adolphine alisema. Aliketi juu ya jiwe la kufulia, mbele ya nyumba asiyoiona. “Basi, kuko namna mbili. Pasua ile kintu, ao toka tuende sote. Mi nangoja hapa.”

Kisimba aliingia akachukua patasi na nyundo. Nkulu alikuwa amekwisha kuingia kwa mlango wa nyuma, yuko kwenye kiti cha Muamba, anakunywa munkoyo kwa kikombe cha Adolphine. Aliitazama patasi.

“Umepaka yote pamoja?” aliuliza.

“Yote.”

“Basi ukipasua ya mama, ya bote itapasuka. Bilulu bote batarudia. Na batoto yangu iko pale nje na bidoni ya petroli, bo banangoja tu kintu ya kufanya.” Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaeleza. “Utabachoma weye, tata, si mi. Mama yako ataungua wa kwanza, iko karibu.”

Alichosema kilikuwa kweli, na vijana na bidoni lao walionekana dirishani. Kisimba aliweka patasi juu ya meza. Lakini hakuna aliyemzuia kutoka. Mlango ulikuwa wazi kwake, mke wake ameketi nje anangoja, na njia ya stesheni ilikuwa moja kwa moja. Alifikiria reli iliyojaa watu, kuhara, maji ya kununua kwa mwanajeshi. Alifikiria kwamba nyumba ikikaa tupu usiku mmoja tu, mtu ataichukua. Aliogopa. Alisimama katikati ya sebule yake akiwa na miguu mizima kabisa, asiende popote.

Alitoa kichwa dirishani.

“Nitakuja kesho,” alisema. “Weye tangulia ku yaya.”

Adolphine alimtazama, akachukua sufuria kwa mkono uliobaki mzima, akaondoka. Vijana wa chama, ambao walikuwa wamezoea kumpisha, walimwuliza Nkulu kama bado wampishe. Nkulu alisema hapana. Walimpiga mgongoni na bapa za mapanga mpaka mwisho wa mstari, si sana, kama watu wanaomaliza kazi ya siku. Alikwenda bila kugeuka.

Kesho yake wakubwa walikuja, na Kisimba hakuweza kutoka kwa kuwa Nkulu alitaka wamwone. Wakubwa walitembea Kapata wamevaa viatu vyeupe. Mmoja alilaza mpira katikati ya barabara, na mpira haukuviringika upande wowote. Wakapiga makofi. Wakapewa bia. Waliingia kuitazama meza, wakamshika Kisimba mkono, wakasema nchi inahitaji mafundi wa namna hii, na kwamba Likasi nako kuna mapengo mabaya sana. Kisimba alisema atahitaji milango.

Siku iliyofuata alipika bukari mwenyewe, ikamtoka na madonge, akaifunga katika kitambaa pamoja na koti la Adolphine, akaenda stesheni. Treni ilikuwa imefika alfajiri. Ilikuwa ya mabehewa ya kubebea madini, yasiyo na paa, na watu walikuwa wamepandana humo mpaka juu, na wengine wamejifunga kamba kwenye vishikio vya nje. Waliokufa wakati wa kugombea nafasi walikuwa wamelazwa jukwaani, mmoja mmoja, na watu waliwaruka kwa adabu. Alimwona Adolphine katika behewa la kati. Muamba, taya limefungwa kwa kitambaa, alikuwa amemwekea bega ili aegemee. Mke wa Muamba hakuwapo.

Kisimba aliinua kile kifurushi. Adolphine alikipokea kwa mkono wa kushoto, akampa Muamba.

“Nyumba iko muzuri?” aliuliza.

“Iko muzuri.”

“Ule ufa wa ku jiko?”

“Umefungwa.”

“Basi rudia,” alisema, bila hasira, kama alivyokuwa akimwambia asisahau kofia. “Batakuibia.”

Muamba alimtazama Kisimba kwa macho ya upole ambayo Kisimba hakuweza kuyavumilia. Kisimba alitaka kusema jambo, pengine lile neno la kuomba msamaha, lakini treni ilivutwa kwa kishindo, na mtu mmoja akaanguka kutoka juu ya behewa la nyuma, magurudumu yakampita miguu. Watu walimpa nafasi ya kulia. Treni ilikwenda taratibu kuelekea Tenke. Watu wa Tenke walikuwa wamekwisha kupewa habari, na walingoja juu ya daraja wakiwa na mawe. Kisimba alisimama mpaka behewa la kati likaacha kujulikana kati ya mengine, kisha akarudi Kapata kwa miguu. Hakuna aliyekuwa ameingia kwake. Vitu vyote vilikuwa mahali pake.

Maisha yalikwenda. Baiskeli zilipita barabara ya Kapata bila kukanyagwa, zikisukumwa mara moja tu. Shemeji wa Nkulu aliuza cherehani. Mtoto wake alianza kutambaa, na kwa kuwa sakafu ilikuwa sawa sana alitambaa mapema. Hakuna aliyezungumza juu ya mzee kipofu wala mwalimu wala muuguzi, na wanawake wa mstari ule walizaa peke yao, na wengine walikufa kwa hilo. Nkulu alimshauri Kisimba aoe mwingine, akamletea majina. Milango ya Likasi ilifika kwa lori na kurundikwa lupangoni mpaka ikafunika dirisha la jikoni.

Kisimba aliisaga. Alikuwa mwepesi zaidi sasa. Ila kabla ya kuanza kazi, kila asubuhi, alisimama mbele ya Kapata ndogo, akafumba macho na kupitisha kidole juu yake toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, polepole, akitafuta mahali alipokuwa mke wake. Alitafuta kwa ncha ya kidole, kisha kwa ukucha, kisha kwa midomo. Hakukuwa na ukingo, hakukuwa na kimstari, hakukuwa na chochote. Ilikuwa kazi safi.